Mashine ya umeme ya goti: nilivyochota échantillon ya utafiti hapa Kolwezi

Wakuu, habari za huko muliko. Wenye magoti mazima na wenye magoti yanayolia kama mlango wa zamani, wote nawasalimu.

Mi ni mzee wa Kolwezi. Hii ninayoandika ilinipata mimi mwenyewe, na zile sehemu ambapo nilionekana mjinga nimeziacha palepale, sijazipaka chokaa. Anayetafuta uzi wa shujaa apite tu, huu si wenyewe.

Kitu kingine kabla sijaanza. Shule niliishia mwaka wa nne wa primaire, na Kiswahili changu ni cha Katanga. Nitajaribu kuandika kile cha kwenu ili wote mfuate. Lakini watu wa huku wakianza kuongea humu nitawaacha waongee vile wanavyoongea. Nikimtia mke wangu Kiswahili cha redio, hatakuwa mke wangu tena.

Twende.

Goti langu la kulia liliharibika zamani. Docta aliandika kwenye karatasi "arthrose". Nikamuuliza huyo ni mdudu gani.

Akasema si mdudu, ni ule ulaini unaokaa kati ya mfupa na mfupa, umelika.

Nikamuuliza umeliwa na nani. Akacheka, akaita mgonjwa mwingine.

Jibu ninalo mwenyewe: umeliwa na magunia ya Tenke. Nikiwa kijana nilikuwa napakia mabehewa pale gare, stesheni ya reli ya Tenke, gunia begani, mbio, kwa sababu kulikuwa na msichana anauza karanga kando ya reli na nilitaka anione nakimbia. Alinioa. Samahani, nilimuoa. Lakini mkimjua mtaona nilivyoandika mara ya kwanza njo sahihi; njo kwetu ni ndiyo.

Huyo njo Mama Anto, mke wangu hadi leo; Anto ni jina lake mwenyewe, si la mtoto. Mshike jina lake.

Baada ya Tenke nikaja Kolwezi, nikapata kazi depo ya kununua mawe. Kazi yangu ilikuwa kuchota échantillon, yaani sampuli. Hapa lazima nieleze kidogo, vumilieni.

Vijana wanaochimba kwa mikono, sisi tunawaita creuseurs, wanaleta mawe yao depo kwa magunia. Mnunuzi hawezi kupima gunia zima. Anachukua kiganja kimoja, kinasagwa, anakielekezea mashine inayofanana na bunduki, na mashine inasema humo kuna shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Kiganja kimoja kinasema kwa niaba ya gunia zima.

Kwa hiyo vita yote iko kwenye kile kiganja. Kimetoka wapi?

Creuseur anapanga mawe meusi mazuri juu, chini anajaza udongo wa bure. Mnunuzi naye hachoti juu, anapiga mkono chini kabisa kwenye udongo. Kila mmoja anachota pale panapompendeza, halafu kila mmoja anaapa kwa jina la mama yake.

Mi nilikuwa katikati. Namwaga gunia lote kwenye turubai. Nachanganya kwa koleo, nafanya kilima, nakigawa mafungu manne, natupa mawili, nachanganya tena, nagawa tena. Mpaka kinabaki kiganja ambacho hata mwizi hawezi kukilalamikia.

Na sheria ya kwanza ya depo, inayokuja kabla ya koleo na kabla ya turubai: mwenye gunia hachoti. Mnunuzi hachoti. Anachota yule asiye na chochote mle.

Hiyo kazi niliifanya miaka mingi na sikuwahi kuvunja ile sheria. Mpaka mwaka huu, na kwenye goti langu mwenyewe.

Sasa mambo yenyewe.

Mtoto wangu mkubwa, Trésor, anakaa Lubumbashi, anafanya kazi ya ofisi. Alikuja kututembelea wakati wa baridi, akanikuta nashuka ngazi za mlango wetu. Ngazi ni tatu tu. Nazishuka kinyumenyume, nimeshika ukuta.

Akasimama ananiangalia.

"Papa, tangu lini unashukaka marche arrière kama camion?"

"Tangu goti yangu ikatae kutangulia," nikamwambia.

Hakucheka. Akaenda kukaa na mama yake jikoni, wakaongea chini chini. Aliporudi alikuwa ameshaamua, uso wake mzima ulikuwa wa ofisi.

"Papa, nitarudia yenga ya mwisho ya mwezi." Yenga kwetu ni Jumapili. "Kama nakuta ungali vile, weye na mama munahamia kwangu. Mi siwezi kupata telefone siku moja banasema umeanguka."

"Kwako ni étage ya ngapi?" Étage ni ghorofa.

"Ya tatu."

"Sasa goti inayoshindwa ngazi tatu, étage tatu itashuka namna gani?"

"Hautashuka, papa. Bintu byote bitakuwa binapanda, binakukuta kule juu."

Wakuu, mtoto ni mzuri na ananipenda. Lakini kuna upendo mwingine ni kama blanketi zito mwezi wa kumi, joto lote la Kolwezi liko nje na mtu bado anakufunika.

Nikaanza kufikiria. Hapa, kutoka kwangu hadi parokia ni mwendo mfupi sana, lakini mimi naumaliza kwa saa nzima. Si goti tu. Kuna fundi wa viatu, lazima nimwambie kiatu cha jana kilivyokuwa. Kuna jirani ambaye kijana wake alianza kuchimba shimo ndani ya nyumba, sebuleni, akitafuta kobalti, akakuta choo cha jirani mwingine. Ile kesi haijaisha, lazima nipite kila siku nisikie imefika wapi. Kule juu étage ya tatu nitasikia nini? Ndege?

Basi, nilikuwa na majuma matatu kasoro ya kupata goti.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, chama chetu cha wazee wa parokia kikapata mgeni. Shati jeupe, viatu vinang'aa bila vumbi, sijui alishuka kutoka mbinguni ao aliviosha getini. Tumwite Monsieur Gaby.

Akafungua mfuko akatoa kamashine kadogo kama redio ya mfukoni. Kana nyuzi mbili, na mwisho wa nyuzi kuna vibandiko vinavyonata kwenye ngozi. Unabandika kuzunguka goti, unawasha, taa nyekundu inawaka, courant kidogo, yaani umeme, inapita, inakuchonyota chonyota.

"Wazee wangu," akasema, "hii si dawa ya miti, hii si maombi. Hii ni science! Utafiti iko hapa!"

Akainua juu karatasi zimefungwa kwenye plastiki. Nyingine zilikuwa na picha ya goti, nyingine na mistari inayoshuka kama njia ya kwenda mtoni. Maumivu yanashuka, akasema.

Rafiki yangu Tata Kasongo, yaani Mzee Kasongo, ambaye magoti yake yote mawili ni ndugu wa langu, alikuwa ameshapandisha suruali.

Gaby akamzuia. Akasema anataka mzee mmoja tu. Atamwachia mashine majuma mawili bure, halafu Jumapili ya mwisho wa mwezi atarudi na huyo mzee atatoa ushuhuda mbele ya wote. Baada ya hapo chama kitaamua kama kinanunua mashine.

Mama mmoja wa chama akanyanyua kidole kwangu. "Tata Mwepu! Ye njo muntu ya échantillon. Ye akisema gunia iko muzuri, iko muzuri."

Wote wakapiga makofi. Mi nilikuwa nahesabu siku. Jumapili ya mwisho wa mwezi! Ile ile ya Trésor. Nikaona Mungu naye ana kalenda ukutani.

Lakini mzee wa depo hakubali gunia kwa sababu mwenye gunia amevaa shati jeupe. Jumatatu nikazibeba zile karatasi, aliniachia pamoja na mashine, mpaka dispensaire, zahanati yetu, kwa Mama Solange. Yeye ni kine, yaani kazi yake ni kurudisha viungo vya watu kwenye mwendo, na ndiye aliyekuwa amenipa mazoezi ya goti mwaka uliopita. Kaa kwenye kiti, simama bila kushika, kaa, simama. Kaza paja, legeza. Tembea kila siku. Niliyafanya siku mbili nikaacha. Nilijiona kama katekista mbele ya askofu, simama kaa simama kaa, na askofu mwenyewe hayuko.

Mama Solange akazisoma zile karatasi. Alisoma kwa muda mrefu. Mi nilikuwa nimemletea karanga, akazimaliza.

"Tata, nani alichagua hizi karatasi?"

"Ule muntu wa mashine."

"Na weye wa depo, unakubali?"

Wakuu, nilisikia aibu mpaka masikioni. Amechota juu ya gunia! Mawe meusi matupu, na mimi nimeyabeba mpaka dispensaire.

Akanifundisha polepole. Karatasi ya kwanza, wagonjwa wote walifungwa mashine, wote wakasema nafuu. Lakini hakukuwa na kundi la pembeni lisilofungwa. Sasa utajuaje kama ni mashine, ao ni siku kupita tu? Goti linauma leo, kesho linapoa lenyewe, na mtu anakwenda kwa docta siku ile linapouma zaidi. Lazima maumivu yashuke tu.

Nyingine walikuwa watu wachache, wanaenea kwenye taxi mbili. Nyingine waliuliza maumivu palepale mashine inapotolewa, hawakuuliza tena baada ya mwezi. Na moja, chini kabisa kwa herufi ndogo, iliandikwa na watu wa kiwanda kilekile cha mashine.

"Kwa hiyo ni uongo?" nikamuuliza.

"Sikusema vile, tata. Usirukie." Akafuta maganda ya karanga. "Nje ya hizi kuna tafiti zingine mingi. Ukimwaga gunia lote, unakuta hivi: bantu bengine banasikia nafuu ile wakati mashine iko inawaka. Lakini ukilinganisha na bale balifungwa mashine ya bandia, tofauti inakuwa kidogo. Mara inaonekana, mara haionekani. Na bale ba bandia nabo banasikia nafuu."

"Bandia inaleta nafuu?"

"Juu muntu akifungwa kintu, anatumaini. Na matumaini inatuliza. Tena hata kuficha ni ngumu: ile ya kweli inachonyota, ya bandia haichonyote. Mugonjwa anajua."

Nikamuuliza sasa utafiti gani uko imara. Akanijibu hata bila kuinua macho: "Ile ya kutembea na ya kukaza paja. Ile weye ulitupa."

Nikaaga haraka.

Njiani nikajiambia: sawa, gunia la wazungu limechanganyika. Basi mimi nitafanya la kwangu. Nitapima mwenyewe.

Jioni ile ile nikamwita Tata Kasongo nyumbani. Nikampanga hivi: siku moja namfunga mashine na nyuzi zimeingia vizuri, siku nyingine nachomoa nyuzi chini ya kitambaa, taa nyekundu inawaka tu lakini courant haifiki. Yeye asijue. Halafu nachora kwenye daftari: uso unacheka, uso wa kawaida, uso unalia.

Mnaona? Darasa la nne, lakini akili ya depo.

Siku ya kwanza, courant ya kweli. Kasongo akaruka. "Iyooo! Inaniluma kama mpangashi!" Mpangashi ni sisimizi. Nikachora uso wa kawaida.

Siku ya pili, nyuzi nje. Kasongo akafunga macho, akapumua. "Eeeh, leo njo inaingia muzuri. Inaingia mpaka mu mufupa. Leo umeiweka fasi yake." Akasimama, akacheza hatua mbili za ujana wake, akaomba nimfunge na goti la pili.

Siku zote nne ikawa vile. Bila courant, anacheza. Na courant, ananung'unika.

Sasa hapa, wakuu, njo nilipopotea njia. Mzee mwenye akili angesema: mashine imeshindwa. Mimi nilisema: Kasongo ni mwongo. Huyu mtu hata chai bila sukari anaisifu. Nikachana ukurasa wake kwenye daftari, nikautupa.

Mnunuzi akipata kiganja kisichompendeza anakitupa anachota kingine. Miaka yote niliwakemea wanunuzi kwa jambo hilo, na siku ile nikalifanya bila hata kupepesa. Kwa nini? Kwa sababu mimi nilitaka kubaki Kolwezi, na mashine ilikuwa njia.

Nikajifunga mwenyewe. Asubuhi na mangaribi, nusu saa nusu saa, Mama Anto ananibandika kwa sababu mimi kuinama nyuma ya goti siwezi. Siku tatu za kwanza ilinichonyota sawasawa. Nafuu ilikuwepo kidogo, sitadanganya.

Siku ya nne sikusikia kitu. Nikampigia Monsieur Gaby simu.

"Tata, hongera!" akasema. "Mwili imezoea. Ukiona hausikii tena, ujue inaingia ndani kabisa."

Wee! Nikafurahi kama mtu aliyepewa goti jipya. Na kweli kweli goti likaanza kufunguka. Nikaenda hadi parokia kuwaambia. Kesho yake nikaenda hadi sokoni kuwaambia wale wa sokoni. Kulikuwa na msiba upande wa pili wa cité, mtaa wetu, nikaenda kwa miguu, na nikawaambia hata wafiwa. Kuna madereva wa malori ya Fungurume wanaopumzika kando ya barabara kubwa, hao siwajui hata mmoja, nikaenda kuwaonyesha nikikunja goti.

Kila siku nje. Kila siku mbali zaidi. Siku ya saba nikashuka ngazi zetu tatu mbele, bila ukuta, nikaangua kicheko mwenyewe.

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya ushuhuda, nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba nimefungwa mashine, taa nyekundu inawaka. Mama Anto alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mi nilikuwa namsomea ushuhuda wangu wa kesho. Ulikuwa na sehemu tano na wimbo katikati.

Akasimamisha mtwangio.

"Baba Trésor, angaria uzi."

"Uzi gani?"

"Ule wa mashine. Fuata na kidole."

Nikafuata na kidole, kutoka kwenye goti, chini ya kitambaa. Uzi ukaisha. Haukuwa umeingia popote. Umelala tu pale, kichwa chake kimefungwa vizuri ndani ya kipande cha chitenge.

"Leo umesahau kuingiza," nikasema.

"Sikusahau. Ni juma yote hii."

Wakuu, niliukunja ule ushuhuda nikauweka chini. Wanaonijua wataandika tarehe.

"Weye si ulimufanya Tata Kasongo vile? Nilikuona mu dirisha. Nikasema na mi napima," akasema. "Gaby naye akakusaidia na ile ya mwili inazoea."

"Anto! Juu ya nini?"

"Juu weye ulikuwa unachota échantillon mu gunia yako mwenyewe." Akarudi kutwanga, pu, pu. "Mwenye gunia hachoti. Miaka ngapi nimeisikia ile maneno ku meza? Mi nilitaka kujua kama tunabakia hapa na goti yako ao na kinywa yako. Étage ya tatu si weye peke yako utapanda."

Hilo la mwisho njo lililonikata. Sikuwa nimemuuliza hata siku moja yeye anataka kukaa wapi.

Nikamuuliza: "Sasa kesho niseme nini?"

"Mi sijui. Mi niko nani kwenye hiyo chama? Niko natwanga."

Jumapili ikafika. Misa ikaisha, wazee wakakaa kwenye viti ndani ya ukumbi. Monsieur Gaby mbele na kipaza sauti. Na nyuma kabisa, amesimama, Trésor. Alikuwa amefika asubuhi na pick-up. Nje niliona ndani ya pick-up kuna kamba mpya za kufungia kitanda na turubai ya kufunika. Mtoto wangu ni mtu wa mpango.

Gaby akaniita. Nikasimama. Nikatembea hadi mbele bila kushika chochote, na ukumbi ukavuma.

Wakuu, pale mbele nilikuwa na maneno mawili mdomoni moja tamu, jingine chungu. Nikisema "mashine imeniponya", Trésor ananinunulia mashine yangu palepale, anazikunja kamba zake, anarudi peke yake. Nabaki. Nikisema ukweli, mashine inarudi kwenye mfuko, Trésor anaona goti halina dawa, na mimi napanda kwenye pick-up pamoja na kitanda.

Na hakuna ambaye angejua. Mama Anto alikuwa amekaa safu ya tatu, anaangalia mikono yake.

Lakini nikamwona Kasongo. Amekaa mbele, suruali imepandishwa tayari, magoti yote mawili nje, ananisubiri mimi niseme. Yeye angeacha kila kitu kingine, angekaa nyumbani na kamashine kake ka taa nyekundu akisubiri kupona. Juu ya neno langu. Yule niliyechana ukurasa wake.

Nikasema.

"Wazee, goti yangu imepunguka kuuma. Ni kweli. Munaniona. Lakini juma hii yote uzi ilikuwa inje. Courant haikufika. Bibi yangu aliichomoa, na mi sikujua."

Ukumbi ukapasuka.

Gaby akanyakua kipaza sauti. "Hapana, hapana, wazee! Ile ni baki ya courant! Courant ya juma ya kwanza ingali inabakia mu mwili!"

Mama mmoja akainuka kutoka nyuma, yule yule aliyeninyooshea kidole siku ya kwanza. "Baki ya courant inakaa juma nzima mu goti? Na shiye mu manyumba tunakosa courant kila siku! Basi tufunge ampoule ya taa ku goti ya Tata Mwepu, mangaribi twende kwake kusoma Biblia!"

Watu walilia kwa kucheka. Gaby mwenyewe alicheka, namsifu kwa hilo.

Nikasubiri watulie, nikamalizia. Nikawaambia sikuja kumwita mtu mwongo. Kuna wanaopata utulivu wakati mashine inawaka, na mimi siku tatu za kwanza nilipata kidogo. Anayetaka ajaribu, lakini mwenye ugonjwa wa moyo ao mashine ya moyo aulize docta kwanza. Ila karatasi alizotuonyesha zilichotwa juu ya gunia, na goti langu mimi nililipima vibaya, nilikuwa mwenye gunia. Kama kuna kitu kilinisaidia, nadhani ni hii miguu yenyewe, kwa sababu nimezunguka cité nzima nikijisifu. Siwezi kuapa hata kwa hilo.

"Sasa mi nifanye nini?" Kasongo akauliza. Aliuliza kama mtoto.

"Kesho asubui nakupitia," nikamwambia. "Tunaenda kwa Mama Solange. Halafu tunaenda kuona ile kesi ya shimo."

Akashusha suruali polepole, mguu mmoja, halafu mwingine.

Nje, Trésor alikuwa ameegemea pick-up.

"Papa. Inauma ao haiumi?"

"Inauma. Asubui inakuwa ngumu kama ubao. Haikupona, na docta alisema haitapona. Lakini ngazi nashuka mbele."

Akaangalia kamba. "Tupande twende nyumbani."

"Weye panda na mama. Mi naenda na maguu."

Akampa mama yake nafasi mbele, akamwomba jirani mmoja aendeshe, akaja kutembea na mimi. Nadhani alikuwa ananipima, alikuwa upande wa goti bovu.

Tulisimama kwa fundi wa viatu. Tulisimama kwa wale wa shimo, kumbe choo kimeshazibwa lakini sasa ukuta unapasuka, tukakaa kidogo kuutazama. Tulisimama kwa mjane mmoja aliyetaka kujua kama Trésor amepata mtoto wa pili. Tulisimama kwa mtu ambaye nilimsimamisha mimi. Kila tuliposimama nilikaa kwenye kiti cha watu, nikasimama bila kushika, nikaaga, nikakaa tena kwa sababu nilikumbuka neno.

Tulipofika, bukari, ugali wetu, ilikuwa imeshapoa. Mama Anto alikuwa mlangoni.

"Mulikawia wapi?"

Trésor akavua viatu, vumbi jekundu hadi magotini. Akakaa chini kwenye ngazi zetu tatu.

"Mama," akasema, "kule kwangu étage ya tatu, huyu muntu atatembea kwenda kuongea na nani?"

Akala bukari ya baridi na sombe, akasifu, akarudi Lubumbashi na pick-up tupu.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo, na nimekiandika kirefu kwa sababu ndivyo nilivyo. Mtu akikuletea utafiti, uliza nani alichagua karatasi, nani alikuwa kundi la pembeni, na waliuliza maumivu baada ya muda gani. Usijipime mwenyewe kitu unachokitaka sana. Mpe mwingine ashike uzi, na akikuletea jibu baya usichane ukurasa. Na mazoezi aliyokupa mtu wa dispensaire, yafanye hata kama yanakuchosha kwa kukosa maajabu.

Waliotumia hizi mashine huko kwenu, andikeni hapa chini ilikuwaje, nzuri na mbaya. Ma-kine na madocta mliomo humu, mkiona nimepotosha mnirekebishe bila huruma, nitasoma yote. Mkichelewa kupata jibu msinikasirikie. Kasongo yuko getini ananipigia kelele, na leo amesema tutembee mpaka njia ya reli.